Mume wangu anasema marashi ya ambari si ya mwanamke mtulivu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 43, ninaishi Moshi na nimeajiriwa katika kitengo cha uhasibu cha ofisi moja hapa mjini. Mume wangu anafanya kazi Arusha. Huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa jioni, na tumeishi hivyo kwa miaka mingi bila tatizo la kuwafanya watu waitwe. Wanaonifahamu watakuambia kwamba mimi ni mtu wa maneno machache. Hata kwenye kikoba chetu mimi ndiye ninayetunza daftari, na wenye maneno ni wengine. Kabla ya haya ninayokuandikia, sikuwahi kununua marashi. Nilitosheka na sabuni na losheni.

Mwezi Julai mwaka jana nilikwenda Arusha kwa kikao cha kikazi. Kabla ya kikao kuanza nilipita katika duka moja karibu na Soko Kuu, mojawapo ya yale maduka yenye mafuta ya kupima kwenye rafu na chupa za kupuliza ndani ya kabati la kioo. Kijana anayeuza alinipulizia kwenye mkono marashi yenye rangi ya asali, akasema hiyo ni ambari. Mwanzoni yalinichoma pua, nikajuta kunyoosha mkono. Lakini baridi ya Arusha siku ile ilikuwa kali, nilikuwa nimevaa sweta, na kadiri kikao kilivyoendelea harufu ilibadilika ikawa tamu bila kuwa ya peremende, nzito kidogo, yenye vanila, moshi wa ubani na kitu kingine nisichoweza kukitaja. Mchana kutwa nilikuwa nikivuta mkono wa sweta nikinusa kifundo changu, hadi jirani yangu akaniuliza kama nimejikata. Jioni nilirudi dukani nikanunua chupa kwa fedha niliyokuwa nimeiweka akiba kutoka kwenye mgao wa kikoba.

Pamoja na chupa nilipewa kikaratasi kinachoeleza tabia ya mvaaji wa kila aina ya marashi. Kuhusu ambari kilisema kwamba mvaaji wake ni mtu anayejiamini, mwenye mvuto usioelezeka, asiyetoa siri zake kwa kila mtu, ambaye kwa nje ametulia lakini ndani ana hisia nzito, na akipenda hupenda bila kiasi. Shangazi, nilikisoma ndani ya gari la kurudi Moshi nikahisi kwamba kwa mara ya kwanza kuna mtu ameniona. Nilikihifadhi kwenye droo ya kitanda.

Matatizo yalianza Januari. Mume wangu alikuwa akitafuta chaja, akakikuta kikaratasi, akakisoma chote akiwa amesimama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: mwanamke mtulivu kama wewe, marashi ya namna hii ni ya kazi gani, na nani amekununulia? Niliumia kiasi kwamba sikuweza kutoa neno. Nilikwenda jikoni kuendelea na vyombo. Tangu siku hiyo, akirudi Ijumaa jambo la kwanza analofanya ni kufungua madirisha ya chumbani, na hazungumzi.

Wifi yangu, aliyekuja kutusalimia, amesema ambari ni matapishi ya nyangumi na kwamba mwanamke anayejipaka hivyo ana anayemwinda. Mtoto wangu mdogo anasema nanukia kama kanisa siku ya Pasaka. Ofisini, dada ninayekaa naye meza jirani, ambaye ana pumu, ameomba kuhamia upande wa mlango akidai marashi yangu yanamkaba, wakati mwenzetu mwingine anasema tangu nianze kunukia hivi nimekuwa na sauti kwenye vikao. Mimi mwenyewe siku hizi siisikii vizuri hiyo harufu, kwa hiyo asubuhi hupuliza shingoni, mikononi na kwenye nguo, na baada ya chakula cha mchana huongeza.

Naomba unisaidie. Je, ni kweli marashi yanaonyesha tabia ya mtu? Je, mimi nimebadilika, au nilikuwa hivi siku zote bila kujijua? Na je, niitupe chupa hii ili amani irudi nyumbani kwangu?

Mama wa Wawili, Moshi

*

Marahaba, Mama wa Wawili.

Umeieleza harufu ya ambari vizuri kuliko wauzaji wengi wa marashi, na ninaweza kuona ni kwa nini uliipenda. Hata hivyo, katika barua yako yote kuna jambo moja nililolitafuta nisilione: hukuandika popote kwamba ulimjibu mume wako. Aliuliza ni nani amekununulia, nawe ukaenda kuosha vyombo. Mimi nimeambiwa kwamba ni fedha ya kikoba; yeye hajaambiwa. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo zito kuliko yote, lakini sharti kwanza nikizungumzie kile kikaratasi, kwa kuwa ndicho kilichowakoroga nyote wawili.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maswali ya kupima tabia, na baadaye akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake, akiwaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kulingana na jinsi yalivyowagusa. Wastani wa alama ulizidi 4. Ndipo alipowafichulia kwamba wote walikuwa wamepewa karatasi ile ile, neno kwa neno, na kwamba maneno yenyewe aliyaokota kwenye kitabu cha unajimu kilichokuwa kikiuzwa katika kibanda cha magazeti. Miongoni mwa yaliyoandikwa humo ni kwamba msomaji ana nidhamu na anajitawala kwa nje, ilhali ndani ana wasiwasi. Sasa kisome tena kikaratasi chako. Ni nani katika Moshi nzima ambaye hatakubali akiambiwa kwamba kwa nje ametulia lakini ndani ana hisia nzito? Mpe kondakta wa Kosta anayegombana na abiria kuanzia Boma Ng'ombe mpaka stendi, naye atakuambia kwamba aliyeandika anamfahamu.

Ninakuambia hivi bila nia ya kukudharau kwa kuguswa. Mtu aliyezoea kuwa mtunza daftari, ambaye kila anayemtaja humtaja kwa utulivu wake na kuishia hapo, ana haki ya kufurahi anaposoma kwamba ndani yake kuna zaidi ya hapo. Na huenda ni kweli kuna zaidi. Ninachokukatalia ni kwamba chupa imelijua hilo. Tena angalia kilichotokea: wewe ulisoma kwamba mvaaji wa ambari anajiamini, ukafurahi, mume wako akasoma, mstari wa chini yake tu, kwamba mvaaji huyo hatoi siri zake, akashtuka. Mmeamini karatasi moja, kila mmoja kipande chake. Kama unataka akiache kipande chake, wewe nawe itakubidi ukiache chako.

Utauliza sifa hizi za ambari zilitoka wapi, kwa sababu kikaratasi chako hakikuzibuni. Nimeziona zikirudiwa karibu kila mahali marashi haya yanapouzwa. Kwanza tumwondoe nyangumi, ili wifi yako apate jibu. Ambari ya nyangumi ipo kweli: hutengenezwa ndani ya utumbo wa yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa ambaye hula ngisi, huokotwa ikielea baharini au ikiwa imetupwa ufukweni, na al-Masudi, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 10, aliitaja miongoni mwa mali za pwani ya Zanji, yaani pwani yetu hii. Lakini hiyo ni adimu na ghali mno, na si ndiyo iliyomo kwenye chupa ya rangi ya asali iliyonunuliwa karibu na Soko Kuu. Wala si kaharabu, ule utomvu uliogeuka jiwe kwa mamilioni ya miaka na kuchongwa shanga, ambao karibu hauna harufu mpaka uchomwe. Ambari ya wauza marashi ni mchanganyiko uliobuniwa na watu. Nguzo zake za kawaida ni labdanamu, ambao ni utomvu unaonata wa kichaka kinachoota katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Benzoini, utomvu mkavu wa miti ya Sumatra na Laos unaofukizwa kwenye vyetezo. Na vanila, ambayo baadhi ya wakulima wa Kagera na wa huko huko kwenu Kilimanjaro huilima, ingawa viwanda vingi hutumia vanilini ya maabara, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1874. Kile kitu ulichoshindwa kukitaja ninadhani ni labdanamu, kwa maana ndiyo yenye harufu inayoelekea kwenye ngozi na majani makavu.

Mtoto wako, kwa taarifa yako, ndiye mwenye pua ya kuaminika kuliko wote waliomo katika barua yako. Ubani unaofukizwa makanisani mara nyingi huchanganywa na benzoini hiyo hiyo, kwa hiyo aliposema unanukia Pasaka hakuwa akikutania.

Basi mapenzi na usiri viliingiaje katika utomvu wa miti? Viliingizwa na wauzaji wa Ulaya. Mwaka 1925 kampuni ya marashi ya Guerlain ya Paris ilizindua marashi ya Shalimar, yenye vanilini kwa wingi, ikayapa jina la bustani za wafalme wa Kimughal wa Bara Hindi na kuyauza pamoja na simulizi ya mapenzi ya Shah Jahan na Mumtaz Mahal. Mengine mengi yalifuata njia hiyo, yakiwa na majina na picha za majumba ya masultani, mapazia mazito na wanawake wasioonekana nyuso, yote yakiwa ndoto za watu wa Ulaya kuhusu nchi ambazo wengi wao hawakuwahi kuzikanyaga. Kundi zima la marashi hayo lilikuwa likiitwa la Mashariki, hadi mwaka 2021 ambapo Michael Edwards, ambaye mwongozo wake wa kuainisha marashi hutumiwa na wauzaji wa nchi nyingi, alipoliondoa jina hilo na kuliita kundi la ambari. Jina limebadilika, lakini sifa za yule mwanamke wa nyuma ya pazia zimebaki kwenye vikaratasi, na moja yake imefika mpaka kwenye droo ya kitanda chako. Mume wako anamwonea wivu mtu aliyechorwa na watangazaji wa Paris.

Pwani ya kwetu harufu za ukoo huu hazina siri yoyote. Udi na ubani hufukizwa sebuleni mgeni anapotarajiwa, nguo hutandazwa juu ya tege ili zishike moshi, na msibani pia chetezo hupitishwa. Mama mwenye nyumba inayonukia hivyo husifiwa kwa usafi na ukarimu. Ni kweli kwamba udi huo huo huingia pia chumbani kwa maharusi, na sitajifanya silijui hilo. Lakini hapo maana inaletwa na chumba na tukio, wala hakuna anayefikiri kwamba kijiti cha udi kimefichua tabia ya aliyekiwasha. Isitoshe, binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi vya harufu puani, na vinatofautiana kati ya mtu na mtu, kiasi kwamba wewe na mume wako mkiinusa chupa moja si lazima mwe mnasikia kitu kile kile. Tabia gani isomwe hapo, na kwa pua ya nani?

Hata hivyo sitaki kukuambia kwamba marashi hayana uhusiano wowote na mvaaji wake, kwa sababu hilo nalo si kweli. Mwaka 2012 watafiti wa Prague walilinganisha harufu za makwapa ya watu waliojipaka marashi waliyojichagulia wenyewe na za waliopaka marashi waliyopangiwa tu. Waliponusishwa watu wengine, ule mchanganyiko wa mwili na marashi ya kujichagulia ulipendwa zaidi, ingawa marashi yenyewe yakinuswa peke yake hayakuzidiana. Maana yake ni kwamba mtu anapochagua anafuata, bila kujua, kitu fulani cha mwili wake. Kwa hiyo kule kunusa kifundo chako mchana kutwa chini ya sweta kulikuwa upimaji bora kuliko kikaratasi chochote, na ninakusifu kwa kutonunua asubuhi, wakati marashi yalikuwa bado yanakuchoma pua kwa spiriti.

Kuna na jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2009 nchini Uingereza, linalojibu swali lako la pili. Baadhi ya wanaume walipewa dawa ya kwapa yenye manukato na wengine isiyo na manukato. Baada ya siku chache wale wa kwanza walijiona wanajiamini zaidi, na wanawake walioonyeshwa video zao zisizo na sauti, bila kunusa kitu, waliwaona kuwa na mvuto zaidi kuliko wale wengine. Harufu haikumfikia mtazamaji hata kidogo. Ilimfikia mvaaji, naye akabadilisha namna ya kukaa na kutazama. Ninadhani ndivyo ilivyokuwa kwako. Mwenzako wa ofisini anaposema umekuwa na sauti kwenye vikao, huenda hakosei. Lakini sauti hiyo si ya ambari. Umefanya hesabu za ofisi hiyo kwa miaka, unajua makosa ya kila idara, na sasa umepata sababu ya kunyoosha mgongo ukayasema. Chupa ikiisha, yale unayoyajua kuhusu hesabu hizo yatabaki.

Sasa nije kwa dada mwenye pumu, ambaye katika barua yako umempitia haraka, ukamweka pamoja na wifi na wasemaji wengine. Usimweke huko. Wengine wanatoa maoni kuhusu tabia yako. Yeye anakuambia kwamba hapati pumzi. Marashi ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuamsha pumu, na kwa mgonjwa wa pumu haijalishi kama ni ya bei ghali au ya kupima. Sababu ya jambo hili kuwa kubwa hivi ni ya hali ya hewa. Uliyajaribu Arusha, ambako ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi Julai, chini ya sweta. Unayavaa Moshi, chini ya mita 1,000, katika joto la Januari na Februari, kwenye ngozi iliyo wazi. Joto huyarusha marashi kwa kasi, na kile kilichokuwa kikikunong'oneza Arusha, Moshi kinapiga kelele chumba kizima. Juu ya hapo pua yako imeyazoea. Pua yoyote iliyokaa na harufu moja kwa muda huacha kuitangaza, ndiyo maana mtu husikia harufu ya nyumba ya jirani mara anapovuka mlango lakini hajui ya kwake ikoje. Wewe ukidhani imekwisha, unaongeza, na aliye meza ya pili anapokea ya asubuhi na ya mchana kwa pamoja.

Kwa hiyo siku za kazi yaache nyumbani, tangu kesho, na umwambie dada huyo kwa kinywa chako kwamba umeacha kwa sababu yake. Kama hapo baadaye atakuwa amehamia chumba kingine, mtajua la kufanya. Kwa siku nyingine, puliza mara moja tu, kiunoni au nyuma ya magoti, kabla ya kuvaa, juu ya ngozi iliyopakwa mafuta yasiyo na harufu ili yashike. Shingoni acha, kwa sababu hapo pua yako mwenyewe inazibwa mapema. Nguo nazo ziache: kitambaa hushika ambari hata baada ya kufuliwa, na ninashuku kwamba hayo madirisha yanayofunguliwa kila Ijumaa yanafunguliwa kwa ajili ya mashuka na mapazia kuliko kwa ajili yako. Ukitaka kujua kama umezidisha, muulize mtoto. Amekwisha kuonyesha kwamba hana unafiki.

Ninamrudia mume wako. Swali lake lilikuwa la kuumiza, na sitakuambia kwamba alikuwa na haki ya kuliuliza kwa namna ile, akiwa ameshika kikaratasi mkononi kama askari aliyekamata ushahidi. Lakini mtazame pia kutoka upande wake. Ni mtu anayelala Arusha usiku wa Jumatatu mpaka wa Alhamisi. Anarudi anakuta mke ananukia tofauti, ana chupa ambayo hakuijua, ana karatasi inayosema kwamba wanaonukia hivyo hawatoi siri. Anauliza, na mke anageuka na kuondoka bila neno. Karatasi ilisema hutatoa siri, nawe, kwa kunyamaza kule, ukaithibitisha. Sidhani kwamba kinachomkera hadi leo ni harufu. Kinachomkera ni kwamba badiliko la mke wake amelisoma kwenye droo badala ya kulisikia kwake.

Ndiyo maana nakuomba usiitupe chupa. Ukiitupa leo, kabla hujajibu, yeye hataona mke aliyetafuta amani. Ataona mke aliyeondoa kidhibiti. Jibu kwanza. Usichague Ijumaa jioni akiwa ndiyo kwanza ameshuka garini na vumbi la njiani. Subiri Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa nje, mkiwa mnakunywa chai. Mwambie duka lilipo, mwezi ulioyanunua, fedha ilitoka mgao upi wa kikoba, na kwamba hukumwambia kwa sababu uliona aibu kujinunulia kitu cha anasa kwa mara ya kwanza katika umri wako. Hilo la aibu hukuliandika, nimelikisia mimi. Kama nimekosea, liache. Huna haja ya kumletea daftari la kikoba wala kumwita mweka hazina athibitishe, kwa kuwa hujashtakiwa na hupaswi kujiweka kizimbani. Kisha mwambie, kwa maneno yasiyozunguka, kwamba alipouliza ni nani amekununulia alikuvunjia heshima, na kwamba ulikwenda jikoni kwa sababu ungebaki ungelia. Akikuuliza ulinunua kwa ajili ya nani, mwambie ukweli kwamba ulinunua kwa ajili yako mwenyewe. Ni jibu ambalo wanaume wengi wa umri wake hawajazoea kulisikia, lakini ni jibu halali.

Ukiona mazungumzo yamelainika, mpulizie kidogo kwenye kifundo chake. Ambari huvaliwa na wanaume sawasawa na wanawake, tangu zamani, na katika maduka mengi chupa hiyo hiyo huuzwa kwa wote. Akikaa nayo mchana kutwa bila kugeuka kuwa mtu wa siri na mvuto usioelezeka, atakuwa amejifunza kuhusu kikaratasi kile zaidi ya nilivyoweza kuandika mimi. Na kama itambainikia kwamba haipendi harufu yenyewe, kwa pua yake tu bila hukumu juu yako, basi hilo ni jambo la kawaida kati ya watu wanaolala kitanda kimoja: mtapanga siku za kuivaa, au mtarudi pamoja dukani Arusha mtafute nyingine mnayoielewa wote wawili.

Wifi yako mwache. Mweleze habari ya labdanamu kama ana subira ya kusikiliza, lakini maneno yake juu ya kuwindwa usiyajibu wewe. Anayepaswa kuyajibu ni kaka yake, na atayajibu vizuri akiwa ameshajibiwa yeye.

Inawezekana pia kwamba utamweleza yote haya naye aendelee kufungua madirisha na kunyamaza. Ikifika hapo, jueni kwamba mnabishana juu ya jambo ambalo chupa haihusiki nalo, pengine ni hizo Jumatatu na Ijumaa za miaka mingi ambazo hakuna kati yenu aliyewahi kukaa akazizungumzia. Msilibebe wenyewe. Waiteni wasimamizi wenu wa ndoa, wale waliosimama nanyi siku ya arusi, wawasikilize kila mmoja kwa zamu yake kabla hajatajwa mtu mwingine yeyote wa ukoo.

Shangazi